Nimeshika Lee Enfield ya Matofali na Sitaki Kuiweka Chini

Kitako begani, jicho kwenye kilengeo, mkono wa kulia juu ya komeo. Nyanyua, vuta, sukuma, shusha. Kla-klak! Jamani, inafanya kazi! Bunduki nzima, urefu ule ule wa bunduki ya askari, na ndani yake hamna ubao wala chuma. Ni vitofali vya Lego vitupu, vile vile ambavyo mtoto huviacha sakafuni usiku, ukavikanyaga ukienda kunywa maji, ukawataja mababu zako wote kwa majina. Nimelivuta komeo hilo mpaka nyumba nzima imeniomba niache. Siachi.

Wa kulaumiwa ni kitabu kimoja. Kinaitwa LEGO Heavy Weapons, kimeandikwa na Jack Streat, kijana wa Uingereza ambaye alikuwa hajafikisha miaka 20 kilipotolewa mwaka 2012 na No Starch Press, wachapishaji wa San Francisco. Najua, wenzetu wa huko walishakivunja mgongo kwa kukifungua na kukifunga. Kwangu mimi kimefika juzi, ndani ya sanduku la ndugu aliyetoka safari, kikiwa kimebanwa katikati ya mashati na chupa za manukato, na tangu kilipotua mezani sijafanya la maana. Kina zaidi ya kurasa 350 na silaha nne tu. Nne! Hakuna kurasa za kupiga soga. Kila silaha ina orodha ya vipande vyake, kisha hatua moja baada ya nyingine kwa picha. Mpwa wangu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, ameifuata sura nzima bila kuniuliza neno hata moja. Alichouliza ni kama nitampa vipande vyangu vyeusi. Jibu ni hapana.

Silaha zenyewe ni hizi: bastola ya Desert Eagle, AKS-74U yenye kitako cha kukunja, Lee Enfield fupi, ile iliyoitwa Jungle Carbine, na SPAS-12, bunduki ya marisawa ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video ameiona hata kama jina hakulijua. Zote kwa ukubwa halisi. Nasema tena, kwa ukubwa halisi!

Hapo kwenye ukubwa ndipo roho yangu ilipotoka ikarudi. Vitu vingi tunavyojenga kwa Lego ni vidogo kuliko wenyewe. Gari linaenea kiganjani, meli inakaa rafuni, mji mzima unasimama juu ya meza. Katika ukubwa huo jicho ni lepesi kusamehe. Tairi likiwa nene kidogo, dirisha likipinda kidogo, unasema ndiyo, nimeelewa ni gari. Bunduki ya ukubwa halisi haiangaliwi tu, inashikwa, na jicho unaweza kulidanganya lakini kiganja hakidanganyiki. Mshiko ukinenepa kwa upana wa kinundu kimoja, kile kivimbe cha juu ya kitofali, vidole vinajua. Kitako kikiwa kifupi, bega linajua. Na kinundu kimoja cha Lego, kutoka katikati yake hadi katikati ya jirani yake, ni milimita 8 kamili. Kwa hiyo mjenzi anafanya kazi ya fundi cherehani aliyepewa rula isiyo na alama ndogo: ama 8, ama 16, ama 24. Katikati ya hapo ujitafutie ujanja.

Na ujanja upo. Kitofali cha kawaida kina kimo cha milimita 9.6. Kibapa, kile chembamba, ni theluthi yake, yaani 3.2. Sasa panga vibapa vitano, kimoja juu ya kingine: unapata milimita 16. Vinundu viwili kwa upana: milimita 16. Umeona? Vibapa vitano vilivyolazwa vinalingana sawasawa na vinundu viwili, na hapo mlango mzima unafunguka. Unaweza kujenga kwenda juu, halafu ukageuza nusu ya kazi ikatazama ubavuni, na vyote vikakutana bila mwanya hata wa kupitisha karatasi. Bunduki imejaa sehemu zinazotazama pande zote: mtutu unakwenda mbele, magazini inashuka chini, mshiko unalala nyuma kwa pembe. Bila hesabu hiyo ya tano kwa mbili ungepata kitu chenye umbo la bunduki na sura ya ngazi.

Nilianza na Lee Enfield, na sikuanza nayo kwa bahati. Kwa Afrika Mashariki hii siyo silaha ya sinema. Ndiyo bunduki ya Keya, askari wa King's African Rifles, waliovuka bahari kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kuna nyumba ngapi kuanzia Songea mpaka Kisumu zenye picha ya mzee amesimama wima, kofia imeinama upande mmoja, na kitu kirefu cha mbao na chuma ubavuni mwake? Ndicho hicho. Ile ya kitabuni ni mdogo wake, toleo nambari 5, lililoanza kutengenezwa mwaka 1944 kwa ajili ya vita vya msituni. Waingereza waliichukua bunduki ndefu, wakakata mtutu, wakapunguza mbao, wakachonga chuma kila palipokuwa na chuma cha ziada, mpaka ikapungua karibu kilo nzima. Mdomoni wakaiwekea kitu chenye umbo la koni cha kuficha mwako. Ndipo wakagundua kwamba risasi ile ile ya nguvu ikipigwa katika bunduki nyepesi humrudia mpigaji begani kwa hasira, wakaweka mpira kwenye kitako, na mpira wenyewe ukawa mdogo kuliko maumivu. Walalamikaji wakaongeza jingine: leo unailenga inapiga hapa, kesho inapiga pale. Uzalishaji ukasimama 1947. Lakini bunduki zenyewe hazikustaafu. Zilionekana tena Malaya, na zilionekana Kenya wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 50.

Ya kwangu hailalamikiwi shabaha, kwa sababu haipigi popote.

Urefu wa bunduki hiyo ni mita moja kwa makadirio mazuri. Gawa kwa milimita 8 na unapata vinundu kama 125. Mita moja ya vitofali! Hapa ndipo kila mjenzi mgeni huanguka, kwa sababu tofali la Lego lina tabia mbili zinazopingana. Ukiligandamiza kutoka juu ni jabali. Mwaka 2012 wahandisi wa Open University ya Uingereza walikiweka kitofali cha vinundu vinne kwenye mashine ya kukandamiza, na hakikusalimu amri mpaka mzigo ulipofika karibu kilo 432. Wakapiga hesabu: ungehitaji mnara wa vitofali kama 375,000, kimo cha kilomita tatu na nusu, ndipo kile cha chini kabisa kipondeke. Hiyo ni nguvu ya kubeba. Sasa chukua vitofali hivyo hivyo, vipange mstari wa mita moja, ushike ncha moja na kuunyanyua. Utakatika katikati kama muwa. Kinachovishikanisha ni mbano tu wa vinundu ndani ya tofali la juu, na mbano huo haupendi kupindwa.

Kwa hiyo bunduki ndefu ya Lego ni kazi ya siri. Nje unaona mbao na chuma; ndani kuna mifupa. Safu zinapishana kama ukuta unavyopaswa kupishana, hakuna kiungo kinachokaa juu ya kiungo, na penye mzigo mzito zinaingia boriti zenye matundu za familia ya Technic, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1977, zikishonwa kwa pini kutoka ubavuni. Pini haichomoki ukiipinda. Ndiyo kazi yake. Unapofika hatua ambayo mtutu na kitako vinaungana, unashika pumzi, unanyanyua kitu kizima kwa mkono mmoja kutoka kwenye mshiko, unasubiri ule mlio wa kukatika... na hakuna mlio. Imekaa! Imekaa wima, mtutu umenyooka, haitikisiki. Nilipiga kelele. Nakiri nilipiga kelele.

Na komeo sasa. Nimeona bunduki za kuchezea maisha yangu yote. Tumejenga za mabua, tumejenga za kuti la mgomba, zile unazochanja vipande vikasimama halafu unapitisha mkono vikalala kwa mpigo, tra-ta-ta-ta. Zote hizo zilikuwa na mlio, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na tumbo. Hii ina tumbo. Komeo la Lee Enfield ya kweli linajulikana duniani kwa wepesi wake: askari aliyefunzwa alitarajiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, na magazini ilibeba 10. Wepesi huo unatokana na mwendo mfupi wa mkono, na kuuelewa kwa kusoma ni kazi. Kuuelewa kwa kujenga ni kazi ya jioni moja. Unaweka njia, unaweka kitu cha kuteleza ndani ya njia, na mara moja unaona tatizo: vinundu vinakwaruzana, komeo linagoma. Dawa ni vibapa laini, vile visivyo na vinundu, vilivyotandikwa pale tu panapoguswa na panapoteleza. Utando mmoja, uso kwa uso, plastiki juu ya plastiki. Halafu unavuta tena na linakuja laini, unalisukuma na linafika mwisho wake, unashusha mkono linajifunga. Hakuna grisi, hakuna skrubu, hakuna gundi. Hata tone.

Na unapolitazama kutoka juu, njia ikiwa wazi, unaona kile ambacho chuma hukificha. Kumbe mkono ule unaposhuka ndio unaofunga mlango nyuma ya risasi! Kumbe bunduki nzima ni mlango mmoja mdogo ambao usipofungwa vizuri utamuumiza aliye nyuma yake, na ubunifu wote uliobaki, kuanzia kwa James Paris Lee na wenzake wa karne ya 19, ni namna ya kuufungua na kuufunga mlango huo haraka. Nilisoma maelezo ya hilo mara nyingi na sikuwahi kulishika. Vitofali vimenishikisha.

AKS-74U nimeijenga nusu, na nusu hiyo inatosha kuniharibia usingizi. Hii ni ya ukoo wa Kalashnikov, ukoo ambao kwetu Tanzania hata taarifa ya polisi huuita SMG na kila mtu ameelewa, na ambao Msumbiji waliuweka kwenye bendera ya taifa mwaka 1983. Lakini AKS-74U ni kitinda mimba wa ukoo: Wasovieti waliichukua bunduki ya kawaida, wakaufupisha mtutu mpaka kufikia sentimita 20 na ushei, ili ienee mikononi mwa watu wanaokaa mahali pa kubana, kama wafanyakazi wa vifaru na magari ya deraya. Kitako kikinyooshwa ina urefu wa sentimita 73 hivi. Kikikunjwa, 49. Na katika vitofali kinakunjwa kweli! Kitako kinazunguka kwenye bawaba kikalala ubavuni, na bunduki iliyokuwa na vinundu zaidi ya 90 inakuwa ya vinundu 61.

Bawaba ni kitu rahisi kukisema na kigumu kukijenga. Ikiwa legevu kitako kinaning'inia ovyo. Ikiwa ngumu unapolazimisha unang'oa ukuta mzima. Unatafuta mahali pa katikati kwa kuhesabu pini: zenye mkwaruzo hushikilia, zisizo nao huachia, na unachanganya mpaka mkono uridhike. Mpwa wangu aliongeza pini moja ya mkwaruzo kuliko picha ilivyosema. Nikamwambia arudi kwenye picha. Akanionyesha: yake inasimama yenyewe hata ukiitikisa. Nimeiacha.

Desert Eagle niliipitia haraka, na nitawaambia ukweli: ndiyo inayowavutia wageni kuliko zote, na ndiyo iliyonisisimua kidogo kuliko zote. Ni nyumbu wa bastola. Karibu kilo mbili za chuma, urefu wa sentimita 27, kwa vinundu ni kama 34, na ndani yake mtambo wa gesi na komeo la kuzunguka, vitu ambavyo kwa kawaida ni vya bunduki kubwa. Ilitengenezwa Israeli kwa ajili ya Magnum Research ya Marekani, na tangu hapo waongozaji wa filamu hawajaiacha ipumzike. Wale maajenti wa The Matrix wenye miwani myeusi? Hiyo. Vijana waliokesha kwenye Counter-Strike? Hiyo tena. Umbo lake limekaa kimatofali tayari, la mraba, lenye mabega yaliyokatwa mshazari, hivyo vitofali vya mteremko vinafanya kazi karibu yote. Ukitaka kuanza, anza nayo. Ni ndogo, inafundisha, na ikimalizika unaweza kuiweka kwenye rafu watu wakashangaa.

SPAS-12 sijaigusa. Nimesoma orodha yake ya vipande mara kadhaa kabla ya kulala. Franchi wa Italia waliitengeneza ili mpigaji achague: ama ajikokee kwa mkono wa mbele, ama aiachie ijikokee yenyewe. Kitako chake cha kukunja kina ndoano ya ajabu mwishoni, ya kukumbatia mkono ili mtu aweze kuipiga kwa mkono mmoja. Ndiyo aliyoishika Arnold Schwarzenegger katika The Terminator ya 1984, na ndiyo aliyoishika yule mlinzi wa wanyama katika Jurassic Park alipodhani yeye ndiye mwindaji. Nikiipata mikononi mwangu, mniombee.

Sasa usiende dukani kumuuliza mwuzaji boksi la hizi. Kampuni ya Lego haitakuuzia, na haijawahi kuwa na nia. Msimamo wao unajulikana: mapanga ya kasri, sawa, bastola za maharamia na za cowboy, sawa, bunduki za miale za anga za mbali, sawa kabisa, silaha za kisasa ambazo mtoto anaziona kwenye taarifa ya habari, hapana. Mwaka 2020 waliliondoa boksi la Technic la ndege ya V-22 Osprey likiwa linakaribia kuingia madukani, kwa sababu ndege ya kweli ni ya kijeshi, na watu waliokuwa wameandaa nafasi kwenye rafu wakabaki na nafasi. Mimi naheshimu msimamo huo. Ila historia ina ucheshi wake: mwaka 1945, kabla ya kitofali tunachokijua, karakana hiyo hiyo ya Ole Kirk Christiansen pale Billund ilitengeneza bastola ya kuchezea ya mbao. Denmark ilikuwa ndiyo kwanza imekombolewa, na bastola ikapewa jina la amani. Nilipoisoma hadithi hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwa hiyo kitabu hiki ni cha mtu huru, hakina baraka za kampuni, na ndiyo sababu kina ladha. Wala siyo cha kwanza. Miaka miwili kabla yake wachapishaji hao hao walitoa Badass LEGO Guns cha Mjerumani Martin Hüdepohl, na hicho ni tabia nyingine kabisa. Bunduki za Hüdepohl ni za kubuni, na kazi yake kubwa ni kurusha: mpira unavutwa, kitofali kinaruka, paka anatafuta pa kujificha. Za Streat ni nakala. Kazi yake ni kufanana, kushikika, na kusogea panapopaswa kusogea. Wapo watakaosema bunduki ya kuchezea isiyorusha kitu ni hasara. Nawaelewa, nami nina umri fulani, lakini mwendo wa komeo hilo siubadilishi na mpira wowote wa kufungia noti. Siku hizi kampuni za China nazo, CaDA ikiwemo, zinauza maboksi ya bunduki za matofali yaliyokamilika, kila kipande kimehesabiwa tayari. Ni rahisi zaidi. Rahisi mno, nadhani. Unafungua mfuko nambari moja, unafunga mfuko wa mwisho, umemaliza, hujagombana na kitu.

Kugombana kwenyewe ni vipande. Hapa shangwe yangu inapata kamba mguuni. Kitabu kinakupa ramani, lakini vitofali ni juu yako, na silaha hizi zinakula vipande vya rangi moja bila huruma. Sanduku la kawaida la Lego lina kila rangi kidogo kidogo. Bunduki inataka nyeusi, nyeusi, na nyeusi tena. Soko kubwa la kununua kipande kimoja kimoja ni BrickLink, lililoanza mwaka 2000 kama kazi ya shabiki mmoja na kununuliwa na Lego yenyewe mwaka 2019. Hapo unaweza kuagiza kile unachokikosa tu, kipya au kilichotumika. Ukiwa Dar au Nairobi, shida siyo bei ya kipande, shida ni safari yake: posta, forodha, na wauzaji wasiotuma huku kabisa. Njia yangu ni kukusanya orodha, kuituma kwa ndugu aliye Ulaya, na kuomba asiiache kwenye meza ya watoto wake.

Halafu kuna programu ya Studio, ya BrickLink hao hao, ya bure, ambayo inakuruhusu kujenga kwenye kompyuta kabla ya kununua hata kinundu. Nimepitisha humo sehemu zote nilizokosa vipande na kutafuta mbadala. Lee Enfield yangu matokeo yake ni kituko kizuri: mbao ni za kahawia kweli, chuma ni kijivu cha aina mbili zisizopatana, na mdomo wa mtutu, ile koni, ni njano ya kuumiza macho. Njano hiyo ni ya makusudi, na kwa hili naacha utani. Bunduki hizi zikijengwa nyeusi tupu, kwa umbali wa barabara, ni bunduki. Askari aliye zamu usiku hatahesabu vinundu kabla ya kuamua. Ijenge ndani, ipige picha ndani, ikae ndani. Usiipandishe daladala, usiipandishe matatu, na uwanja wa ndege usiutaje kabisa. Ukitaka kumwonyesha rafiki wa mbali, ivunje na umpelekee vitofali kwenye mfuko. Atafurahi kuijenga tena.

Dosari nyingine ni ya macho. Kipande cheusi juu ya kipande cheusi ni mtihani katika mwongozo wowote wa kujengea, na kuna jioni nilitafuta kibapa kwenye picha nikiwa nimekikalia. Washa taa nzuri, tenga vipande kwenye vibakuli kabla hujaanza, na usijenge ukiwa na njaa.

Lakini kinachonikera kwa utamu ni kile ambacho hakimo. Silaha nne, zote za viwandani, zote zilizonyooka. Nami nimeanza kuwaza jambia. Ndiyo, jambia la Oman, lile lililoko kwenye bendera yao, ambalo mabwana wa Unguja na Muscat walilifunga kiunoni siku za heshima: ala iliyopinda mpaka karibu inarudi ilikotoka, pete za fedha, nakshi zisizoisha. Pinda hilo kwa vitofali vya mraba kama unaweza! Nimelifungua kwenye Studio, nimejaribu vitofali vya mteremko, vimekataa. Nimejaribu bawaba ndogo ndogo, kila moja ikiongeza pembe kidogo, na hapo likaanza kujikunja lenyewe kwenye skrini, taratibu, likitafuta umbo. Ala imeshapatikana kiasi. Sasa nahitaji vipande vya rangi ya fedha, vingi, na vibapa vya mviringo vya kinundu kimoja kwa ajili ya nakshi, mia mbili kwa kuanzia. Mwenye navyo aseme bei.